Harufu Juu ya Jiwe

Anayewinda puma Idaho au Montana hungoja theluji. Ikianguka usiku, asubuhi huendesha gari polepole mpaka aone mahali mnyama alipovuka barabara, kisha huwafungulia mbwa. Alama ziko wazi, baridi imeitunza harufu, na mwenye macho mawili anajua puma kaelekea wapi. Ukishuka kusini hadi karibu na mpaka wa Mexico, kwenye milima ya Chiricahua, Peloncillo na Gila, msaada huo haupo. Ardhi ya huko ni jiwe, changarawe na vumbi. Unyevu wa hewa mara nyingi haufiki asilimia 20. Puma akipita juu ya mwamba usiku wa manane, kufikia alfajiri jicho la binadamu haliambulii chochote pale. Mbwa ndiye awezaye kuweka pua na kujua, tena si kila mbwa.

Kazi hiyo ya kumfuata puma nchi kavu ndiyo ninayotaka kuisifu, na nikishaisifu nitaitetea, maana siku hizi ukifanya la kwanza utaulizwa la pili.

Kwanza mnyama mwenyewe. Puma ni paka mkubwa mwenye rangi ya nyasi zilizokauka. Dume la kawaida huwa na kilo 50 hadi 70, jike ni mdogo zaidi. Wenyeji humwita simba wa milimani, ingawa hana manyoya ya shingo wala hangurumi. Hula kulungu kuliko kitu kingine, na pia havelina, yule mnyama wa jangwani anayefanana na nguruwe. Akishaua huburuta mzoga hadi kivulini, hula moyo, maini na mapafu, kisha huufukia kwa majani na vijiti, akaenda kulala si mbali. Hutembea usiku na eneo lake ni pana sana. Mfugaji anaweza kuzaliwa, kuzeeka na kuzikwa katika milima hiyo bila kumtia machoni hata siku moja, ilhali ng'ombe wake wamepita njia moja na puma miaka yote hiyo.

Basi msasi huanza na kusoma ardhi. Anatoka kabla ya mapambazuko, amepanda baghala, yule chotara wa punda na farasi, ambaye kwenye mawe hakosei mguu kama farasi anavyokosea. Hafuati njia yoyote ile. Anapita mahali ambapo puma hupenda kupita: vipenyo kati ya vilele, chini ya magenge, na mito mikavu yenye mchanga.

Tuseme amekuta, chini ya mtarakwa, mahali palipoparuliwa. Dume la puma lina desturi ya kusimama mahali kama hapo na kukwangua ardhi kwa miguu ya nyuma, mmoja baada ya mwingine, hadi ibaki mifereji miwili mifupi na kichuguu cha majani na udongo nyuma yake. Ndiyo barua yake kwa madume wengine na kwa majike. Msasi hushuka, akapiga goti, akainama mpaka kofia inagusa matawi. Kichuguu kiko upande gani? Mnyama alikuwa ameelekeza uso upande wa pili. Udongo wa ndani ya mifereji umekoza rangi kuliko wa pembeni, au umeshafanana nao? Jani lililo juu ya kichuguu limepindana kwa jua au bado limenyooka? Kuna uzi wa buibui uliokatiza? Mvua ya juzi imeacha vitundu juu ya udongo uliokwanguliwa, au udongo umewekwa juu ya vitundu? Jibu la swali hilo la mwisho linatofautisha alama ya wiki jana na alama ya jana usiku, na ndilo linaloamua kama siku hii ina maana au ni ya kurudi nyumbani.

Mchangani kazi ni nyepesi kidogo. Wayo wa puma ni wa mviringo, una vidole vinne, na makucha hayaonekani kwa kuwa paka huyaficha anapotembea. Kitanga cha nyuma ya vidole ni kikubwa, na ukingo wake wa nyuma una vibonge vitatu. Mbwa na koyoti huacha ncha za kucha, na wayo wao ni mrefu kuliko upana wake. Msasi mzoefu hutazama pia ukubwa wa kitanga na urefu wa hatua ili akisie dume au jike, na hutafuta pembeni kama kuna nyayo ndogo zinazofuata. Akiziona hizo ndogo, hupanda baghala wake na kwenda kutafuta mlima mwingine.

Haya yote yana faida moja kubwa ambayo mgeni haioni. Harufu ikishachakaa, mbwa hodari anaweza kuifuata kinyumenyume, akaenda kwa bidii kuelekea alikotoka puma badala ya alikokwenda. Mbwa anajua nani kapita. Kuelekea wapi, hapo huhitaji mtu aliyeona wayo mmoja mchangani, hata kama ni mmoja tu katika kilomita tatu za mawe. Ndiyo maana nasema huu ni ufundi wa watu wawili, na mmoja wao ana miguu minne.

Mbwa wenyewe hutoka katika koo za wanusaji za Marekani: Walker, Bluetick, Redbone, Plott, na wale weusi wenye kahawia. Wasasi wa nchi kavu huchanganya damu hizo bila aibu, maana hawatafuti sura ya maonyesho. Wanatafuta pua iwezayo kuona harufu ya saa 12 zilizopita juu ya jiwe, na kichwa kisichochanganyikiwa harufu hiyo inapokatika. Methali yetu inasema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Kwa puma, ukali si sifa kubwa. Mbwa mkali hupasuliwa uso mapema. Kinachotakiwa ni ukweli. Mbwa asiyeona kitu asibweke kwa sababu mwenzake amebweka. Kinachotakiwa pia ni kujizuia, kwa kuwa njia ya puma hukatizwa na kulungu, havelina, mbweha na koyoti, wote wakiwa na harufu mbichi zaidi na tamu zaidi. Mbwa mdogo anayefunzwa huiacha harufu iliyochoka ya puma na kukimbilia ile ya kulungu aliyeruka sasa hivi mbele yake, kama damu yake inavyomtuma. Kumfundisha asifanye hivyo huchukua misimu, na wengi hawafundishiki. Mara nyingi mwalimu bora ni mbwa mzee anayeendelea na njia yake bila hata kugeuza kichwa.

Harufu nayo ina saa zake. Usiku hewa baridi hushuka mabondeni na kulala chini, na umande kidogo, kama upo, huishika harufu kwenye majani. Jua likichomoza na kupiga jiwe, harufu huinuka na kupotea. Upande wa kaskazini wa mlima, wenye kivuli na majani ya mialoni, huitunza hadi asubuhi imekwenda sana; upande wa kusini huweza kufutika kabla hujamaliza chai. Kwa hiyo mbwa huenda kwa kasi kivulini, hufika ukingo wenye jua, wakanyamaza. Hapo ndipo uvumilivu unapopimwa. Kundi hutawanyika, kila mmoja ameinamisha kichwa, mmoja ananusa chini ya jabali, mwingine anasimama kwa miguu ya nyuma na kunusa tawi ambalo ubavu wa puma huenda uligusa. Inaweza kupita nusu saa. Msasi hukaa kimya, si kwa kukosa la kufanya. Anajua akiwahimiza watamwongopea. Kisha mbwa mmoja mzee, pengine hatua 50 mbele, hutoa mlio mmoja wa chini, kama mzee anayekohoa mlangoni kabla ya kupiga hodi. Wenzake huja, hunusa pale pale, nao hukubali mmoja mmoja. Safari inaendelea.

Anayewasikia kila siku anajua nani anasema nini. Mlio mrefu wa kuvuta ni wa njia iliyopoa. Milio ikifupika na kufuatana, puma ameamshwa alikolala. Ikigeuka kuwa mikato ya haraka isiyosogea mahali, puma yuko juu ya mti au ameegemea genge. Siku hizi mbwa huvaa kola za GPS na msasi huona kwenye kioo cha mkononi kila mmoja alipo. Kuna wanaosema kola zimeharibu kazi. Sikubaliani nao sana. Kola inakuambia mbwa yuko bonde la pili. Haimfundishi kunusa jiwe. Zaidi ya hapo, imewaokoa mbwa wengi waliokuwa wakipotea milimani na kufa kwa kiu.

Mwisho wa mbio ni mfupi kuliko watu wanavyodhani. Puma ameumbwa kwa shambulio la ghafla, hana pumzi ya masafa, na mbwa wakishamwamsha hupanda mtarakwa au msonobari, akakaa kwenye panda akiwatazama kwa chuki. Na hapa ndipo mpinzani wa uwindaji huu hupata hoja yake kali: kuna ufundi gani katika kumpiga risasi mnyama aliyekaa mtini mita 10 juu yako? Namjibu kwamba hakuna. Ana haki kabisa. Risasi ile ni rahisi, na anayejivunia risasi hajaelewa alichokifanya siku nzima. Lakini kwa kuwa ni rahisi, haina haraka. Msasi huwafunga mbwa, hukaa chini, huzunguka mti, hutazama. Dume lina doa jeusi la manyoya, kiasi cha sentimita 10 chini ya mkundu, jike hana. Jike anayenyonyesha, chuchu zake huonekana, na manyoya pembeni yake yamelala. Mtu mwenye darubini ndogo na subira anaweza kuyaona haya yote kabla hajagusa bunduki, na akiyaona anaweza kuwavuta mbwa wake na kuondoka. Wengi huondoka. Anayemwita puma kwa mlio wa sungura aliyejeruhiwa na kumpiga kichakani kwa mbali hana nafasi hiyo.

Arizona sheria inakataza kumuua puma mwenye madoadoa, yaani mtoto, au mama anayefuatana na watoto kama hao. Aliyeua lazima aripoti, kisha apeleke fuvu na ngozi kwa Idara ya Wanyamapori na Samaki ikiwa na uthibitisho wa jinsia, na jino hung'olewa ili umri ujulikane. New Mexico humtaka mwindaji apite somo la kutofautisha dume na jike kabla ya kwenda porini. Bado si kinga kamili. Mama huweza kuwaficha watoto kilomita kadhaa nyuma na kuja kuwinda peke yake, na nyayo za siku hiyo zikaonyesha mnyama mmoja. Hilo ni doa ambalo hakuna sabuni yake, na mtetezi asiyelitaja si mtetezi mwaminifu.

Zamani hakukuwa na doa la kutazama wala jino la kung'oa. Puma alikuwa na bei kichwani, na serikali ililipa. Msasi mashuhuri wa enzi hiyo alikuwa Ben Lilly, aliyezaliwa 1856 na kufa 1936 karibu na Silver City, New Mexico. Aliua puma na dubu kwa mamia, kwa ajili ya wafugaji na serikali. Alilala chini bila hema, alijitengenezea visu vyake, na husimuliwa kwamba Jumapili hakuwinda kabisa: mbwa wakimpandisha puma mtini siku hiyo, watamlinda hadi Jumatatu. Mwaka 1907 aliongoza uwindaji wa dubu wa Rais Theodore Roosevelt kule Louisiana. Roosevelt huyo ndiye aliyeshuka Mombasa Aprili 1909. Nyuma yake wakaja Wamarekani wengine wenye mawazo ya ajabu: mwaka 1910 Buffalo Jones, aliyekuwa akiwanasa puma kwa kamba karibu na Grand Canyon, alileta Kenya farasi na wachunga ng'ombe kuja kuwanasa wanyama wetu kwa kamba, na mwaka 1911 tajiri Paul Rainey akaleta kundi la mbwa wa dubu kuwinda simba. Simba wa Afrika hana habari ya kumkimbia mbwa mtini. Wa Manyara wanapanda miti, lakini kwa starehe zao.

Nikisoma habari za Lilly naheshimu miguu na macho yake. Hesabu ya maiti hainisisimui. Lakini niseme jambo moja kuhusu enzi hiyo. Mbwa mwitu wa Mexico hakutoweshwa Arizona na New Mexico kwa ufundi wa kunusa. Kazi kubwa ilifanywa na mitego ya chuma na sumu iliyotiwa kwenye mizoga, vitu visivyochagua nani ale. Tai alikula, mbweha alikula, mbwa wa mfugaji mwenyewe alikula. Sumu haimtaki mtu ajue chochote. Mwaka 1972 Rais Nixon alizuia matumizi yake dhidi ya wanyama wawindao kwenye ardhi za serikali kuu, na miaka hiyo hiyo ya mwanzo wa 1970 puma akaondolewa bei kichwani na kuwa mnyama wa kibali. Mbwa mwitu alirudishwa Arizona 1998, kwa gharama na ugomvi usiokwisha.

Nani basi anahitaji puma auawe leo? Wafugaji watasema ndama. Wapo wanaotaja kulungu wa Kaibab, kaskazini mwa Arizona, waliozidi sana baada ya wawindao kuuawa na kisha kufa kwa njaa miaka ya 1920, ingawa wataalamu wamebishania kisa hicho mpaka kimechoka. Kwangu hoja yenye uzito ni ya kondoo pori wa pembe kubwa katika Milima ya San Andres, New Mexico. Upele ulioletwa na utitiri uliwaangusha, ukame ukaongeza, na kufikia 1997 alikuwa amebaki jike mmoja tu. Puma hakuwa mshtakiwa wa kwanza. Lakini kundi likishakuwa dogo, puma mmoja aliyejifunza kula kondoo anatosha kulimaliza. Kuanzia 1999 jimbo lilituma watu kuwaondoa puma katika milima ya kondoo hao, huku kondoo waliozalishwa katika uzio wa Red Rock wakipelekwa kujaza pengo. Mwaka 2011 kondoo hao walitolewa katika orodha ya jimbo ya wanyama walio hatarini. Mtu anaweza kupinga mpango huo kwa heshima zote, lakini asipinge kama vile kondoo si mnyama.

Kuna uwindaji wa wanyama wawindao nisioutetea. Mashindano ya kuua koyoti wengi kwa siku mbili, washindi wakipewa bunduki au fedha, hayana ufundi wala haja. Arizona na New Mexico ziliyapiga marufuku 2019, na sijasikia mlima ulioanguka kwa sababu hiyo. Ubaya ni kwamba msasi wa nchi kavu huwekwa kapu moja na hao, na wakati mwingine, kwa kuogopa kutengwa, hujiweka mwenyewe.

Ningependa wanaomweka kapu hilo wakumbuke 1996. Tarehe 7 Machi mwaka huo, mfugaji na msasi Warner Glenn alikuwa na mbwa wake katika Milima ya Peloncillo, wakifuata walichodhani ni puma. Alipowafikia, juu ya mwamba alisimama jagwa, mnyama ambaye Wamarekani wengi walidhani ameshatoweka nchini mwao. Glenn alikuwa na bunduki na alikuwa na kamera. Alipiga picha, akawaita mbwa, akamwacha aende zake. Agosti mwaka huo huo Jack Childs, naye msasi wa puma, mbwa wake walimpandisha jagwa mwingine mtini katika Milima ya Baboquivari. Naye alimrekodi akaondoka. Mwaka uliofuata jagwa aliwekwa chini ya ulinzi wa sheria ya wanyama walio hatarini ndani ya Marekani, na Childs alitumia miaka iliyofuata kutega kamera milimani kumtafuta. Jagwa hao hawakugunduliwa na chuo kikuu. Walionekana kwa sababu kulikuwa na mbwa wenye pua, na watu waliozoea kutazama kwanza kabla ya kufanya lolote.

Watafiti wenyewe wanalijua hilo. Harley Shaw, mwanabiolojia aliyewachunguza puma wa Arizona katika miaka ya 1970, alitegemea wasasi na mbwa wao ili mnyama apandishwe mtini, apigwe sindano ya usingizi na avalishwe kola ya redio.

Hata hivyo, hatima ya kazi hii sasa iko kwa wapiga kura. California ilifunga uwindaji wa puma kwa kura ya 1990, ingawa vibali vya kumuua anayekula mifugo viliendelea kutolewa. Arizona, jaribio la kupeleka jambo hilo kwa wapiga kura lilikufa 2018 kabla halijafika. Colorado lilifika Novemba 2024 na kukataliwa. Litarudi, na sina hakika litakataliwa kila mara, kwa kuwa wapiga kura wengi wanaishi Phoenix, Tucson na Denver, na picha wanayoiona ni ile ya mwisho tu, mtu anayecheka akiwa ameshika kichwa cha mnyama. Wasasi wana makosa yao hapo. Ndio wanaozipiga na kuzisambaza.

Mbwa wa nchi kavu hukomaa akiwa na miaka mitatu au minne, na miguu yake humaliza kazi baada ya misimu michache zaidi. Mbwa wa kumrithi lazima atembee nyuma yake huyo mzee akiwa bado hai. Huwezi kuhifadhi pua katika jokofu wala kuandika kitabuni namna ya kukataa kulungu. Sheria ikisimamisha kazi hii kwa miaka 10 kisha ikabadilisha mawazo, theluji ya Idaho itakuwa pale pale kumsaidia anayeanza upya, lakini kwenye mawe ya Chiricahua hakutakuwa na mbwa wa kumfundisha mwenzake.